Barua za Wasomaji: Riwaya, Jukwaa, Santuri na Besiboli

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi namna mwandishi wa riwaya anavyoishi hapa Nairobi: jioni za kusoma mbele ya watu katika jukwaa huria, lile ambalo mjini tumezoea kuliita openi maiki, Jumamosi za kutafuta santuri za zamani katika Soko la Kenyatta, na usiku wa kukesha nikisikiliza besiboli ya Marekani kwenye redio ya intaneti. Sikutarajia kwamba makala ile fupi ingeleta barua nyingi kiasi hiki. Nimechagua chache, na zile zilizogusa jambo moja nimezijibu pamoja.

SWALI: Mwalimu, nimekusikiliza jukwaani mara tatu mwaka huu na nimefurahi. Hata hivyo, riwaya yako ya pili ilichelewa miaka minne, na sisi wasomaji wako tulisubiri. Je, huoni kwamba haya mambo mengine ndiyo yanayoila riwaya? (Msomaji wa Kayole)

JIBU: Nakushukuru kwa kusubiri, na swali lako nalichukua kwa uzito wake. Ni kweli kwamba miaka minne ilipita, lakini sababu si hiyo unayoidhania. Miaka miwili ya mwanzo sikusoma mbele ya mtu yeyote. Nilijifungia, nikakataa mialiko, nikaandika kurasa zipatazo mia tatu nikiamini kwamba kazi kubwa hudai ukimya mkubwa. Ndipo rafiki mmoja akanisihi nisome ukurasa mmoja tu katika kikao cha jioni, nami nikachagua ule nilioupenda kuliko yote, ambamo mama mmoja anamsubiri mwanawe katika kituo cha mabasi cha Machakos tangu alfajiri hadi giza linapoingia. Sentensi ya pili ya ukurasa huo ilikuwa na "ambaye" nne. Nilipofika kwenye "ambaye" ya tatu pumzi iliniishia, nikalazimika kuvuta hewa mahali ambapo maana haikuruhusu, na mzee aliyeketi safu ya mbele akayashusha macho yake kwenye kikombe cha chai, kwa huruma, kama afanyavyo mtu amwonapo mwenzake akijikwaa njiani.

Nilirudi nyumbani kwa matatu ya 58 karatasi ile ikiwa bado mkononi, na kabla hatujafika Buruburu nilikuwa nimekwisha kuelewa. Yule mama wa kituoni hakuwa akisubiri. Ni mimi niliyekuwa nikieleza kwamba anasubiri. Saa zake kumi na mbili nilikuwa nimezibana katika sentensi moja iliyojaa maelezo, na msikilizaji hakupewa hata dakika moja ya kukaa naye kwenye benchi. Kurasa mia mbili nilizitupa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, riwaya ililiwa na mlango uliofungwa, na jukwaa ndilo lililoiokoa.

Tusisahau pia kwamba fasihi yetu ilisikika muda mrefu kabla ya kuchapwa. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, zilidumu vinywani mwa watu kwa miongo mingi kabla ya kutiwa kitabuni. Mshororo wa shairi wenye mizani 16, iliyogawika nane kwa nane, una mahali pa kupumulia palipowekwa na mtunzi mwenyewe, na kina cha kati humwambia msikilizaji kwamba nusu ya safari imekwisha. Sisi waandishi wa nathari hatuna msaada huo, na ndiyo maana twapaswa kuutafuta kwa sikio. Jarida la fasihi la Kwani? lilipoanza hapa Nairobi mwaka 2003, na Jumanne ya kwanza ya mwezi ikaja kuwa siku ya watu kusomeana kazi zao, kizazi changu kilirudishiwa kitu ambacho mababu zetu hawakuwahi kukiacha.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, na nimepewa dakika tano za kusoma mwezi ujao. Sura yangu ya kwanza ina kurasa 18. Nisome nini, na nifanye nini ili mikono isitetemeke? (Msomaji wa Kahawa Wendani)

JIBU: Usisome sura ya kwanza. Sura ya kwanza kwa kawaida imebeba mizigo ya kitabu kizima, na msikilizaji wako hajakubali bado kuibeba pamoja nawe. Tafuta tukio la watu wawili, ambalo kila mmoja anataka kitu kilicho mikononi mwa mwenzake: fidia, ufunguo, msamaha, nauli ya kurudi nyumbani. Anzia pale mvutano unapoanza. Iwapo kuna jambo ambalo hadhira lazima ilijue kabla, liseme kwa sentensi moja kisha usome. Nimeona vijana wengi wenye vipaji wakitumia dakika mbili kutusimulia kijiji, mwaka na ukoo wa babu wa mhusika, na riwaya yenyewe inapoanza masikio yamekwisha kuchoka.

Jambo la pili linahusu lugha yetu yenyewe, na sijaona likitajwa mara nyingi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba watendaji ndani yake bila kutofautisha mwanamume na mwanamke. Ukiandika "akamwambia kwamba hakumwamini", msomaji wa kitabu anaweza kurudisha jicho juu na kuhakikisha nani alimwambia nani, lakini msikilizaji hana mahali pa kurudi. Kwa hiyo katika nakala ya jukwaani rudisha majina, au vitambulisho kama "mama mkwe" na "kijana wa boda", hata pale ambapo kitabuni ungeyaacha. Tena punguza wahusika. Majina matatu yanatosha kwa dakika tano.

Chapisha kurasa zako kwa herufi kubwa, upande mmoja tu, kwa sababu taa hukumulika usoni na karatasi ikabaki gizani. Chukua penseli nyekundu uweke mkwaju (/) mmoja mahali pa pumzi fupi, na mikwaju miwili mahali pa kunyamaza kabisa. Soma nyumbani ukiwa umesimama, kwa sauti, saa ikiwa mbele yako, maana kusoma kimoyomoyo hudanganya kuhusu muda. Ikiwa nyumbani unatumia dakika tano, punguza hadi nne, kwani kicheko, kikohozi na mtu anayepita na trei ya vikombe vitakula dakika nzima. Maikrofoni iwe umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, ukiwa umeielekea kwa pembeni kidogo ili herufi p na b zisilipuke. Kuhusu mikono, weka karatasi juu ya jalada gumu. Hadhira haioni mkono unaotetemeka, inaona karatasi. Nawe usianze kwa kuomba radhi, kwa sababu waliokuja wamekupa muda wao kwa hiari, na huo ndio mtaji wako wote.

SWALI: Nikisoma kazi ambayo haijachapishwa, je, haitaibwa? (Msomaji wa Githurai) Naomba kujua kama naweza kutia beti mbili za wimbo maarufu katika riwaya yangu. (Msomaji wa South B)

JIBU: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi pindi inapoandikwa au kurekodiwa, hata kabla ya kuchapishwa. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, husaidia katika kuthibitisha. Wazo tupu halilindwi, na kwa kweli sijawahi kumwona mtu aliyeweza kuiba riwaya kwa kuisikia dakika tano.

Kuhusu wimbo, maneno yake ni mali ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo tafuta idhini ya maandishi. Jina la wimbo unaweza kulitaja. Mimi naona ni bora zaidi kueleza wimbo ulifanya nini chumbani: nani alinyamaza ulipoanza, nani aliondoka, sufuria gani iliungua jikoni.

SWALI: Je, unaandika huku muziki ukicheza? Mimi nikiweka benga siandiki hata mstari mmoja. (Msomaji wa Ongata Rongai)

JIBU: Wala mimi siandiki. Benga haikubali kuwa pazia la nyuma, na sababu iko katika asili yake. Wapiga gitaa wa nchi ya Waluo waliuhamishia kwenye gitaa mdundo wa nyatiti, ala yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huketi chini, akaimba, akacharaza nyuzi kwa vidole, akatikisa njuga za mguuni, na wakati huohuo akagonga ubao wa ala kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu. Mtu mmoja ana kazi nne, na kila moja ina mwendo wake. Anayeusikiliza muziki huo kwa makini hawezi kufanya jambo jingine.

Ninachofanya ni kusikiliza kwanza, kisha nazima, ndipo naandika. Nina santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za enzi ya studio za River Road, na nyingi zimegawa wimbo mmoja katika pande mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kwa sababu upande mmoja haukutosha. Upande wa kwanza mwimbaji husimulia: anamtaja mpenzi, anawataja ndugu na marafiki, analalamika. Kisha sauti ya gitaa inafifia, sindano inaingia kwenye mfereji wa mwisho, nawe huna budi kuinuka, kuigeuza santuri na kuirudisha sindano mahali pake. Upande wa pili maneno yanapungua na magitaa yanachukua usukani, yakikimbizana hadi mwisho. Wakati ule wa kuinuka ni sekunde chache tu, lakini mwili mzima unakuwa unadai kilichobaki. Nimezitazama sura za riwaya zangu nikijiuliza ni wapi msomaji anainuka kuigeuza santuri, na pale nilipogundua kwamba haoni haja ya kuinuka, niliiandika sura upya. Santuri hizi nimezikusanya kwa miaka kumi na moja, moja moja, kadiri mfuko ulivyoruhusu, na siziuzi.

SWALI: Besiboli? Tuna kandanda, tuna raga, tuna riadha inayotupa sifa duniani. Mchezo huo ni wa polepole na ni wa wageni. Una faida gani kwa mwandishi wa Kiswahili? (Msomaji wa Umoja, wengine wanne wameuliza vivyo hivyo)

JIBU: Wa polepole, nakubali. Wa wageni, si kama unavyodhani. Kila aliyesoma shule ya msingi hapa nchini ameona raundaz ikichezwa uwanjani, naye anajua maana ya kupiga mpira, kukimbia kituo hadi kituo na kurudi nyumbani kabla hujatolewa. Besiboli ni ndugu wa mchezo huo. Majirani zetu wamekwenda mbele zaidi: vijana wa Lugazi, Uganda, walicheza katika fainali za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, mwaka 2012, wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kufika huko, na Dar es Salaam kuna uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari ya Azania uliojengwa kwa msaada wa Japani.

Mimi niliingia kwa mlango wa dada yangu, ambaye ni muuguzi mjini Pittsburgh. Aprili 2017 alinipigia simu usiku wa manane, nikadhani kuna msiba. Aliniambia niwashe redio. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mtoto aliyelelewa katika chumba kidogo cha klabu ya besiboli ambako mama yake alikuwa mfanyakazi wa usafi, alikuwa ameingia uwanjani kuichezea Pittsburgh Pirates dhidi ya Chicago Cubs, akiwa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kucheza katika ligi kuu ya Marekani. Mpira wa kwanza alioupiga kama mchezaji wa ligi hiyo ulimfikisha salama kituo cha kwanza. Nilimsikia dada yangu akilia, nami nikaketi kitandani nikiwa nimeshika simu, sijui sheria hata moja ya mchezo.

Tangu hapo nimejifunza. Mechi inayoanza saa moja jioni katika miji ya mashariki ya Marekani huanza saa nane za usiku kwetu, na kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, tangu mwishoni mwa Machi hadi karibu Oktoba. Sisikilizi zote. Ninaposikiliza, huwa na daftari la mraba, kwa sababu besiboli ina namna yake ya kuandikwa. Kila mchezaji uwanjani ana namba ya nafasi yake: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, wa kituo cha kwanza ni 3, na kuendelea hadi 9. Ukiandika 6-4-3 katika kisanduku kimoja, umesema kwamba mpira uliopigwa uliokotwa na mchezaji aliye kati ya kituo cha pili na cha tatu, akamrushia wa kituo cha pili, naye akamrushia wa kituo cha kwanza, na wapinzani wawili wakatoka kwa tendo moja. Namba tatu zimebeba vumbi, mbio, uamuzi na masikitiko ya watu wawili. Baada ya msimu mmoja wa kuandika hivyo niliona aibu kutumia aya nzima kumvusha mhusika kutoka mlangoni hadi dirishani.

Kinachonivuta zaidi ni kwamba mchezo huu huandika makosa hadharani. Ubao wa matokeo una safu tatu, mikimbio, mapigo na makosa, na kosa hupewa mwenyewe. Tena mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi huhesabiwa kuwa hodari. Ted Williams alipopata wastani wa .406 mwaka 1941, watu walistaajabu, na bado karibu mara sita katika kumi alishindwa. Kwa mtu ambaye ametupa kurasa mia mbili, hesabu hiyo ni faraja ya kweli.

Lakini daftari linaweza pia kudhulumu kwa kunyamaza, na hili lazima niliseme. Josh Gibson, mdakaji Mweusi aliyecheza katika ligi za watu Weusi wakati ligi kuu zilipowafungia mlango, alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kuuvunja mwiko huo tarehe 15 Aprili. Takwimu zake ziliachwa nje ya vitabu rasmi hadi Mei 2024, zilipoingizwa pamoja na za wenzake, na mara moja wastani wake wa maisha, .372, ukawa juu ya wote. Mipira ile aliipiga zamani. Kilichochelewa ni kalamu. Siku niliposoma habari hiyo nilifungua droo ya wahusika niliowaacha katikati, nikamrudisha mmoja, fundi cherehani wa Pumwani ambaye nilikuwa nimempa mistari minne tu.

Unauliza kuhusu mwendo wa polepole wa mchezo. Besiboli haina saa ya kumaliza: vipindi tisa vikiisha kwa sare, wanaendelea. Tarehe 18 Aprili 1981 timu mbili za daraja la chini zilianza mechi mjini Pawtucket, zikacheza hadi baada ya saa kumi za alfajiri, vipindi 32, watazamaji 19 wakiwa wamebaki kwenye baridi, na kipindi cha 33 kilichoamua mshindi kilichezwa mwezi Juni. Nawafikiria mara kwa mara wale watu 19. Mwaka 2023 ligi kuu iliweka saa ya mrushaji, sekunde 15 wasipokuwapo wakimbiaji vituoni, ili mechi zifupike. Naelewa sababu, ila mimi niliupenda ule muda ambao mrushaji alisimama, akatazama ishara ya mdakaji, akakataa, akatazama tena, na mtangazaji akanyamaza, kukasikika tu mnong'ono wa uwanja. Haruki Murakami, mwandishi wa riwaya wa Japani, ambaye wakati huo alikuwa na baa ya jazi mjini Tokyo, amesimulia kwamba alikuwa ameketi kwenye nyasi za uwanja wa Jingu Aprili 1978, Dave Hilton wa Yakult Swallows akapiga mpira na kufika kituo cha pili, na papo hapo akajua kwamba anaweza kuandika riwaya. Aliiandika usiku, kwenye meza ya jikoni, baada ya kufunga baa. Nadhani alikuwa mahali ambapo hakuna aliyemharakisha, ndipo wazo likapata pa kutua. Mimi pia, sura ya kituo cha mabasi niliyoitaja hapo juu niliipata upya saa kumi za usiku, katikati ya mechi ambayo hakuna aliyekuwa amefunga. Nilimwacha yule mama aketi. Nikaandika anachokiona: mpiga debe anayehesabu sarafu, mtoto aliyelala juu ya gunia la viazi, basi linaloingia bila mwanawe.

SWALI: Mwanangu mwandishi, mimi ni bibi wa miaka 67. Nina madaftari matano ya hadithi nilizoandika tangu mume wangu afariki. Sina kompyuta. Je, vijana hao watanipokea nikija kusoma, au nitakuwa kichekesho? (Msomaji wa Majengo, Pumwani)

JIBU: Shikamoo, Mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu kwa sauti, na haikunikwamisha pumzi hata mahali pamoja. Vijana hao watakupokea. Jukwaa huria halina sharti la umri wala la kompyuta. Lina orodha ya majina tu, inayoandikwa mlangoni kwa kalamu. Njoo mapema, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, uombe zamu ya tatu au ya nne, wakati hadhira imekwisha kutulia na bado haijaanza kufikiria matatu ya kurudi nyumbani. Soma kutoka kwenye daftari lako vilevile lilivyo, na miwani usiisahau. Mjukuu mmoja akusindikize, kwa sababu tunamaliza usiku. Nami nitakuwekea kiti safu ya mbele, upande wa kulia, mbali na spika.